Mita 6 Zinatosha, Wacha Mlingoti wa Kujionyesha

Nitasema tu, na wenye vifaa vya bei kali wanisamehe: msee anayeanza redio ya ridhaa hapa Kenya hahitaji mlingoti wa mita 10. Wa mita 6, mwepesi, wa faibaglasi, unatosha kabisa. Nimeubeba mgongoni mara za kutosha kusema hivyo bila kumung'unya maneno.

Kwa wageni: redio ya ridhaa ni ile unapata leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, unapewa kitambulisho chako, kwa kawaida kinaanza na 5Z4, halafu unaongea na watu moja kwa moja hewani. Hakuna bando, hakuna mnara wa kampuni. Mnakumbuka Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika na intaneti ikaanza kukokota Afrika Mashariki? Antena ya waya iliyoshikwa na mlingoti kwenye nyasi haikuwa na habari.

Sasa, watu hudhani mlingoti ni kama mnara wa simu, kwamba ukiwa mrefu ndio unafika mbali. Inategemea unataka kuongea na nani. Chukua bendi ya mita 40, pale MHz 7.1. Dipoli yake ni waya mbili, kila moja kama mita 10. Inua katikati kwa mlingoti, shusha ncha mpaka karibu mita 1.5 kutoka ardhini, na una V iliyopinduliwa. Ikiwa chini hivyo, nguvu nyingi huenda juu, inarudishwa na tabaka la ayonosfia na kumwagika mamia ya kilomita kukuzunguka. Mchana hiyo ni Nakuru, Kisumu, hata Mombasa mambo yakikubali. Yaani ule "ufupi" ambao watu wanauonea aibu ndio unaokupa Kenya.

Ukitaka Ulaya ama Japani, hapo hadithi inabadilika. Kwenye bendi ya mita 20, antena ikifika mita 10 juu ni nusu ya wimbi, na inaanza kurusha chini chini kuelekea upeo wa macho. Sawa. Lakini bana, umeanza juzi, nani anakungoja Japani?

Halafu kuna usafiri, jambo ambalo video nyingi za ng'ambo hazigusi kwa sababu wale wana magari. Mimi naenda Ngong na 111. Ule mlingoti wa Spiderbeam wa mita 12, wa Mjerumani, ni mzuri kweli, sitaki kudanganya. Lakini una zaidi ya kilo 3 na ukifungwa unabaki mita 1.2 hivi. Jaribu kuingia nao kwenye matatu asubuhi uone vile makanga atakuangalia. Utaulipia kiti. Wangu ukifungwa unakaa kando ya begi, hakuna anayeuliza kitu.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni faibaglasi na si kaboni. Fimbo za kuvulia samaki zinazofunuka kama eriali ya redio zinaweza kufanya kazi yetu, lakini kaboni hupitisha umeme. Ukilaza waya sambamba nayo, antena inavurugika. Ikigusa laini ya stima, wewe ndiye fyuzi. Lebo pia si za kuaminiwa sana, kwa hivyo beba multimita, gusisha ncha zake mahali rangi imetoka. Ikisoma kitu, rudisha. Zile za alumini za wapaka rangi, za hadiwea, ni ngumu na zinaweza kushikilia katikati ya dipoli, ila kumbuka bado ni chuma cha kupitisha umeme mikononi mwako.

Jaribio langu la nyumbani: simamisha mlingoti, ning'iniza chupa ya maji ya nusu lita karibu na juu, nenda ukanywe chai. Baada ya saa nzima ukiupata umesimama, umefaulu. Mingi huanguka ndani yenyewe, kipande baada ya kipande. Dawa si kukaza kwa nguvu zote, maana utashindwa kuufunga. Futa vumbi, vuta huku ukizungusha kidogo, halafu zungushia kila kiungo tepu ya umeme. Na nusu lita si uonevu. Kebo ya RG-58 ina karibu gramu 40 kwa mita, kwa hivyo mita 6 zinazoning'inia ni gramu 240 kabla hujahesabu waya na upepo. Mimi hutumia RG-174, nyembamba, haifiki nusu ya uzito huo. Inapoteza nguvu zaidi, kweli, lakini kwa mita 10 kwenye MHz 7 sikio halitajua. Kile kipande cha juu kabisa, chembamba kama kijiti cha kiberiti, huwa nakiacha nyumbani. Nabaki na mita 5 na nusu na usingizi mzuri.

Upepo wa Ngong nao si mchezo, mitambo ya stima haikuwekwa pale kwa urembo. Kamba 3, zimegawanywa sawa kuzunguka, zimefungwa karibu na katikati ya mlingoti. Ukifunga juu kabisa unaukunja tu. Tumia kamba za rangi kali, kwa sababu ng'ombe na wapanda milima wote hawaangalii chini. Mlingoti wa mita 10 wa rafiki yangu ulitaka kamba 6 na watu wawili kila tukienda. Wangu nausimamisha peke yangu kwa dakika 10.

Mahali pa kusimamisha: piga hesabu mlingoti ukianguka upande wowote, na waya zake zote, je, utafika kwenye nyaya za stima? Kama jibu ni "labda", hama. Na mawingu yakianza kuwa meusi upande wa Kiserian mimi hushusha kila kitu, hata nikiwa katikati ya kuongea na mtu wa Eldoret. Namwambia radi inakuja, anaelewa, tunaagana. Dakika mbili mlingoti uko kwenye begi na mimi nashuka kutafuta 111.