Karagita: Kitambulisho, Kileo na Msafiri

Msafiri atokaye Nairobi huenda kiasi cha kilomita 90 kabla ya kufika mji wa Naivasha. Hapo akipanda matatu ifuatayo barabara ya Moi South Lake, hachukui muda mrefu kuiona Karagita, karibu na ziwa, nyumba zake za kupanga zimesongamana. Wakazi wake wengi hufanya kazi katika mashamba ya maua, nao wametoka pande zote za Kenya: Nyanza, Magharibi, Kisii, Turkana na Mlima Kenya. Hapa karibu kila mtu ni mgeni wa mwenzake.

Jioni, wafanyakazi warudipo, taa za maduka huwashwa, samaki hukaangwa kando ya njia, na baa nazo huanza shughuli. Kijana akisogea penye wavu wa chuma na pesa mkononi, huenda akaambiwa, "Kaka, kitambulisho tafadhali." Wako wanaokasirika, hasa wenye ndevu, wakidhani wamevunjiwa heshima. Yafaa neno hilo lifikiriwe kabla ya kukasirikiwa.

Hapo kale kadi haikuhitajiwa. Kwa Wakikuyu, muratina ilikuwa kinywaji cha wazee. Kwa Waluhya, wazee waliketi wakakizunguka chungu cha busaa, wakanywa kwa mirija mirefu. Kila mtu alijua kijana huyu ni wa nani, na alitahiriwa mwaka gani. Lakini Karagita muuzaji aweza kuwa ametoka Busia, na mnunuzi Nyeri. Nani atamjua baba yake? Basi kadi imeshika kazi ya mzee.

Ni kweli kwamba Wakenya wana sababu ya kuchukia kuulizwa karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1915, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, naye akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Kipande kilimfunga mtu kwa mwajiri wake. Kadi inayoulizwa penye baa yataka kujua jambo moja tu, yaani umri.

Sheria yenyewe ina uhusiano na Naivasha. Aliyekuwa mbunge wa Naivasha, Bwana John Mututho, ndiye aliyepeleka bungeni mswada wa kudhibiti vileo uliopitishwa mwaka 2010, na hata leo watu huiita Sheria ya Mututho. Ilikataza kumwuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18, ikakataza baa kuwa karibu na shule kwa mita 300, na ilipoanza iliamuru baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana mwisho wa juma, zikafungwe saa 5 usiku. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, kazi ya kutoa leseni imekuwa yao. Kwa hiyo msafiri avukaye mpaka wa kaunti asidhani kwamba desturi ya Nakuru ndiyo ya kila mahali.

Akienda mbali zaidi ataona tofauti kubwa. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu, na Uganda umri ni miaka 18 vilevile. Na alifuate ua lililokatwa kando ya ziwa hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi: huko kijana wa miaka 16 aliweza kununua bia mpaka mwisho wa 2013, kisha umri ukapandishwa ukawa 18. Ujerumani, nchi ya jirani, bia na divai huruhusiwa kwa mwenye miaka 16, lakini pombe kali hungoja 18. Uswidi pombe kali huuzwa katika maduka ya serikali, na mnunuzi awe ametimiza miaka 20. Marekani ni 21, na huko hata mwenye mvi huweza kuulizwa. Mkenya achukue pasipoti, maana kadi ya nyumbani yaweza isijulikane. Oman, kileo hupatikana katika hoteli zenye leseni, na umri ni 21. Kuwait kimepigwa marufuku kabisa. Hapo hakuna karatasi iwezayo kumsaidia mnunuzi.

Hivyo kitambulisho hueleza mtu ni nani, lakini ruhusa hutolewa na mahali alipo. Mwenye busara huuliza kwanza.

Na wenye Karagita yao wana sababu kubwa kuliko ya msafiri. Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya. Mzazi aondokaye alfajiri kwenda shambani kukata maua humwacha kijana wake kati ya majirani wasiomjua. Mchana kutwa hawezi kumlinda. Ikiwa jioni kijana huyo wa miaka 15 atasogea penye wavu wa chuma na shilingi mkononi, tumaini la mzazi ni kwamba yule mgeni aliye upande wa pili ataomba kadi, na akikosa kuiona, amrudishe nyumbani.