Gari Lililopitia Mikono Mingi

Ufundi nilijifunzia Kirinyaga Road, Nairobi, barabara ambayo watu wa rika langu bado wanaiita Grogan. Mzee aliyenipokea alikuwa bingwa wa injini za Toyota. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kumpokeza spana. Mteja akifika na kusema, "Nibadilishie pampu," Mzee alimjibu kwa upole, "Sawa bwana, lakini kwanza nieleze gari linasumbua vipi." Aliuliza hivyo hata mteja alipokuwa amekuja na pampu mpya mkononi. Nami nimeendelea kuuliza hivyo kwa matatu, kwa pikapu za kubeba mboga, kwa teksi, na hatimaye kwa gari lililonifundisha mengi kuliko yote, DX nyeupe ya mbio.

Kiwandani linaitwa Corolla KE70. Kenya tunalijua kwa jina la DX. Lilizaliwa na injini ya 4K, chini kidogo ya sisi 1,300, na ni jepesi, tena linasukumwa na tairi za nyuma, ndiyo sababu vijana wa autokrosi walilipenda. Mwenye gari hili alitaka kulipeleka kwenye lami, lizunguke kwa kasi mara nyingi bila kupumzika. Alikuwa ameanza kulijenga miaka mingi kabla hatujajuana. Lilipofika gereji kwangu, Industrial Area, lilikuwa na injini ya 4A-GE ya valvu 20, ile yenye kifuniko cheusi: sisi 1,587, ambayo Toyota waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 165 kwa mizunguko 7,800 kwa dakika.

Injini hiyo iliundwa ilale kingamo kwenye magari yanayovutwa na tairi za mbele. Ukiigeuza ielekee mbele na nyuma, distribyuta iliyo mwisho wa hedi inagonga ukuta wa bodi, na shingo ya maji iliyo upande huohuo nayo inakosa nafasi. Kwa hiyo fundi mmoja alikuwa ameondoa distribyuta na kuweka koili zinazoendeshwa na kompyuta. Mwingine alihamisha mabomba ya maji. Wa tatu aliinyoosha bodi na kuipaka rangi. Kila mmoja alifanya kazi safi, nasema hivyo kwa heshima, lakini hakuna aliyemwachia mwenzake hata karatasi moja ya maelezo.

Malalamiko yalikuwa matatu. Injini inamisi ikifika mizunguko ya juu, maji yanachemka baada ya kuzunguka uwanja mara chache, na taa ya oili inawaka kwenye kona ndefu.

"Fundi, rejeta kubwa zaidi nimeshanunua," mwenye gari aliniambia.

"Iache kwenye boksi kwanza, bosi."

Nilianza na kumisi, kwa sababu injini isiyochoma vizuri huharibu kila kipimo kingine. Plagi zilikuwa mpya, koili mpya, pampu ya petroli mpya. Nilichukua mita, ncha moja nikaiweka kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye bloku ya injini, nikamwambia kijana wangu apige stata. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya volti moja. Nikafuata waya wa erthi hadi unapofungwa kwenye bodi, nikafungua bolti, na chini ya kichwa cha waya nikakuta rangi nyeupe inayong'aa, laini kama ya mlangoni. Mpaka rangi alikuwa amefungua kila kitu, akapaka hadi mahali pasipoonekana, kisha akarudisha bolti juu yake. Chuma hakikugusa chuma. Umeme wa kurudi ulikuwa unajipenyeza kwenye nyaya nyembamba za kompyuta, na koili zilipohitaji umeme mwingi kwa kasi, kompyuta ikachanganyikiwa. Nilikwangua rangi hadi chuma kikaonekana, nikafunga, nikapaka grisi. Mita ikashuka na kumisi kukaisha.

Joto lilitaka subira zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka, ambacho kule Mombasa kinaweza kuvumiliwa, huku juu kinakuangusha mapema. Cha DX kilikuwa kimechoka, nikakibadilisha, lakini nilijua hakikuwa chanzo peke yake.

Tulilipeleka gari Athi River, kwenye uwanja wa lami. Liliporudi likiwa la moto, nilipima joto la hozi ya juu ya rejeta, kisha ya chini. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Maji machache yaliyofika kwenye rejeta yalitoka yamepoa vizuri sana. Rejeta haikuwa na hatia. Mengi hayakuwa yanapita pale kabisa.

Nikafungua nyumba ya thamostati nikaikuta tupu. Mafundi wengi wa huku huitoa thamostati gari linapopata joto, na kwenye injini nyingine tiba hiyo inaonekana kufanya kazi. Lakini kwenye injini kama hii thamostati hukaa upande wa maji kuingia, na bamba lake la chini ndilo linaloziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinaonya waziwazi kwamba kwa injini za aina hiyo isitolewe. Nilirudisha mpya ya nyuzi 82.

Joto likashuka, lakini mshale ukawa unarukaruka. Hiyo ni hewa. Yule aliyehamisha mabomba alikuwa amelipitisha bomba la nyuma ya hedi juu kuliko shingo ya rejeta, na hewa ikajikusanya hapo, juu kabisa ya silinda ya nne. Nililichomea nati ya kutolea hewa na kuweka tangi dogo mahali pa juu zaidi. Nilifanya jambo moja, tukapima, ndipo nikafanya la pili. Mwenye gari alichoka kusubiri na alisema hivyo, lakini ningefanya yote kwa pamoja nisingejua lipi limetibu nini.

Oili ilikuwa rahisi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikavuta hewa. Nilichomea vizuizi vya bati ndani ya sampu, na taa haikuwaka tena. Taa hiyo si ya kupuuzwa hata kwa kona moja, kwani beringi za kranki hufa kwa sekunde chache.

Rejeta kubwa iliuzwa ikiwa bado kwenye boksi.

Nimeshika magari mengi ya aina hii tangu hapo, na karibu kila mara tatizo nalikuta pale ambapo kazi ya fundi mmoja inakutana na ya mwingine: rangi juu ya erthi, bomba jipya kwenye mfumo wa zamani, thamostati iliyotolewa kwa injini nyingine ikawa desturi. Kubahatisha hapo ni kumla mteja pesa zake.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayejenga gari polepole, mshahara kwa mshahara: nunua daftari, liweke kwenye dashibodi. Kila fundi akimaliza, aandike amegusa nini, ametoa nini, amepitisha waya wapi, na atie tarehe. Akikataa kuandika, andika wewe huku ukimuuliza. Anayekuja baada yake atalihitaji daftari hilo kabla ya kushika spana.