Neno Moja Katika Barua ya Baba

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mtoto anayesoma sekondari, bila shaka umekwisha kumkabidhi karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza ukamwambia akusomee. Huenda ilikuwa karatasi ya hospitali, au masharti ya mkopo, au, kama ilivyo siku hizi, ujumbe ulioingia katika simu. Mtoto huishika, akakohoa kidogo, akaanza kufasiri. Na wewe mzazi humtazama kwa fahari ukasahau kuitazama karatasi. Nami niliwahi kuwa mtoto huyo. Haya ninayokusimulia yalitokea mwezi wa Juni mwaka 1974, nilipokuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kijijini kwetu wilayani Muheza, mkoani Tanga.

Baba yangu alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika shamba la mkonge, sehemu kubwa ya muda huo akiwa kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakatia majani ya mkonge mpaka yatoe nyuzi. Alipoachishwa kazi kwa ajili ya maradhi ya kifua, wenziwe walioondoka pamoja naye waliitwa kupokea kiinua mgongo. Jina lake halikusomwa. Akaandika barua ya kuuliza, na majibu yakaja kwa Kiingereza, sentensi chache tu zilizopigwa taipu.

“Soma,” baba aliniambia, “kisha uniambie kwa lugha ya watu.”

Barua ilisema kwamba jina lake lilikuwa limeachwa kwa sababu ya “oversight”. Neno hilo sikupata kuliona kabla ya siku ile. Lakini ningesemaje kuwa silijui, mbele ya mama, wadogo zangu, na majirani wawili waliokuja kusikiliza? Nililikata vipande viwili kama muwa. “Over” ni juu. “Sight” ni kuona. Na ni nani aonaye kutoka juu? Shambani kila mtu alijua kuwa “overseer” ni nyapara. Basi nikafasiri kwa sauti kubwa: “Jina lako liliachwa kwa sababu ya usimamizi.”

Baba alinyamaza. Kisha akauliza, “Usimamizi wa nani? Wa nyapara?”

Nikajibu kuwa naona ndivyo.

Sentensi iliyofuata ilisema kwamba jambo hilo laweza kuwa “taken up with this office” kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Hapo sikupata taabu hata kidogo, maana maneno yote nilikuwa nayajua tangu shule ya msingi. “Taken” ni kuchukuliwa, “up” ni juu. Nikamweleza baba kwamba ofisi inalichukua jambo lake kulipeleka juu, na kwamba kabla ya tarehe 30 litakuwa limekwisha.

“Basi tungoje,” alisema.

Tukangoja. Tarehe 30 ikaja, ikapita. Nyapara yule alikuwa jirani yetu wa nyumba ya nne, na wanawe ndio niliokua nao. Muda wote uliobaki wa likizo baba hakumjibu salamu. Nyapara alipofiwa na mkwewe, baba alikwenda makaburini kwa kuwa maiti haisusiwi, lakini hakukaa matanga. Nami nilirudi shuleni nikiwa na hakika kwamba nimemfichulia baba adui yake.

Wewe uliyekizoea Kiingereza umekwisha kung’amua. “Oversight” ya barua ile haikuwa usimamizi. Ilikuwa kusahau, karani aliyenakili orodha aliruka jina. Na jambo kuwa “taken up with” ofisi fulani ni mtu kwenda kulizungumza na ofisi hiyo. Baba alikuwa akiitwa aende mwenyewe, na akapewa na tarehe ya mwisho. Karatasi niliyoisoma kuwa hukumu ilikuwa ya kuomba radhi.

Mimi nilikuja kulitambua hilo mwaka 1979, nikiwa chuo cha ualimu. Maktabani mlikuwa na kamusi ya A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924. Yeye na wenzake wawili waliitunga huko, kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha ya mama yao. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford mwaka 1948. Uzuri wake ni kwamba haikutosheka kutoa maana ya neno. Ilionyesha neno hilo hukaa namna gani ndani ya sentensi. Nilikuwa nikitafuta neno jingine kabisa katika herufi O, jicho likaangukia hilo la kwangu. Nilisoma mara tatu. Kisha nikafunga kamusi nikatoka nje, na kipindi cha jioni sikuhudhuria.

Tangu hapo nilianza kuyawinda maneno ya aina hiyo, kwa kisasi zaidi kuliko kwa bidii ya masomo. Kiingereza kinayo mengi. “Oversight” yenyewe yaweza pia kuwa usimamizi, maana ninayoiona sana magazetini sasa zinapotajwa kamati za Bunge; hivyo kamati yaweza kuwa nayo kwa maana zote mbili, na huenda zipo zilizo nayo. “Sanction” ni kuidhinisha, na vilevile ni adhabu. “Look over” ni kukagua, lakini ukiyageuza ukaandika “overlook”, umeacha kukagua. Hata wenyewe wenye lugha hunaswa. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana muda mrefu juu ya hati moja kwa ajili ya kitenzi “table”, ambacho kwa Waingereza ni kulileta jambo lijadiliwe sasa, na kwa Wamarekani ni kuliweka kando. Pande zote mbili, kumbe, zilitaka jambo lile lile. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo, ingawa wao hawakuwa na nyumba ya kuezeka.

Usidhani nakibeza Kiingereza. Sisi nasi, mgeni akijifunza Kiswahili atashangaa kuwa hatuna kitu tusichokipiga: twapiga pasi, twapiga picha, twapiga chuku, na wengine wetu hupiga maji. Twala kiapo, twala njama, twala chumvi nyingi. Mgeni huyo akiambiwa kwamba mzee fulani amekata kamba, huenda akauliza kamba hiyo ilikuwa ya nini. Hakuna anayeipata nahau kwa kuikata vipande kama nilivyoukata muwa wangu. Na maneno marefu ya Kiingereza, yale ya asili ya Kilatini yanayomtisha mwanafunzi, si adui mkubwa. Hayo humlazimu kufungua kamusi. Adui ni yale mafupi, “take” na “up”, “put” na “off”, ambayo mtu ameyajua tangu utotoni na kwa hiyo hayaulizi.

Nilipokuwa mwalimu niliwataka wanafunzi wawe na daftari la nahau. Sikuwaruhusu kuandika neno peke yake. Waliandika sentensi nzima walimoikuta nahau, na chini yake nahau ya Kiswahili inayoshabihiana nayo, kama ipo. Mwanafunzi aliyeandika “sijui” kando ya neno nilimpa alama ya vema. Walimu wenzangu waliona naharibu. Lakini fikiria: watoto wetu wengi hufundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza mwaka 1967, kisha wakaingia sekondari wakakuta kila somo kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo hujifunza upesi sana kuficha asichokijua, na wakati mwingine sisi wazazi ndio tunaomfunza, kwa kumwita mbele ya majirani.

Baba sikumwambia. Kila likizo nilikwenda nyumbani nimejiandaa kusema, na kila mara nikakuta sababu ya kungoja. Mwaka 1983, nilipokuwa na mshahara, nilinunua mabati ili tuondoe makuti juu ya nyumba yetu. Siku ya kuezeka tulitoa vyombo vyote nje. Nikiwa nalihamisha sanduku la baba la bati, kifuniko kikaachia, na juu ya karatasi zake nikaiona barua ile. Chini ya neno “oversight” palikuwa na mstari wa penseli, na kando yake, kwa mwandiko niliousoma tangu utoto wangu, wa mzee mmoja jirani aliyekuwa karani wa reli, yameandikwa maneno haya: “Kupitiwa. Walipitiwa tu. Ulitakiwa uende kabla ya tar. 30.” Na tarehe: 11 Agosti 1974.

Nilisimama na barua ile mkononi. Nikakumbuka kwamba niliporudi likizo ya Desemba ya mwaka ule, nilimkuta baba na nyapara wakicheza bao barazani kwetu, na mama akaniambia kwamba baba alikuwa amempelekea jogoo. Nami, kwa ujinga wangu, nilidhani nyapara ndiye aliyeomba radhi. Nikakumbuka pia kwamba jioni ile ile ya Desemba baba alinipa barua nyingine ya Kiingereza akasema, kama desturi yake, “Soma.” Ila safari hiyo aliongeza, “Polepole. Neno usilolijua lipite, tutaliuliza.” Nilinuna siku mbili nzima, nikaona amenidharau.

Baba alikuwa amesimama ukutani, bati la kwanza limeegeshwa kando yake. Aliitazama karatasi mkononi mwangu, nami najua aliitambua.

“Hiyo irudishe mahali pake,” alisema, “kisha uje unishikie ngazi.”