Nguruwe na Tegu

Katika Mbeya na Mbozi, na huko kaskazini katika Mbulu, watu wengi wa Tanzania hufuga nguruwe. Mnyama huyu huzaa wengi, hukua upesi, na bei yake huwasaidia wazazi. Mimi mwenyewe nalivaa sare ya shule iliyonunuliwa kwa fedha ya nguruwe. Basi siandiki haya ili kumdharau. Naandika habari za maradhi ambayo lawama yake ni yetu sisi wanadamu.

Tegu ni mnyoo mrefu, bapa kama utepe, akaaye katika utumbo wa mtu. Aweza kupata urefu wa meta 3, hata zaidi. Mwili wake ni vipande vipande; vile vya mwisho hukatika na kutoka pamoja na choo, na kila kimoja kina mayai maelfu kwa maelfu. Mtu huyo akienda haja porini, nguruwe azururaye huula uchafu ule pamoja na mayai. Watoto wa tegu hutoka katika mayai, huchukuliwa na damu mpaka katika nyama ya nguruwe, na humo hukaa ndani ya vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu hukua tena utumboni mwake. Jambo hili lilihakikishwa na mganga wa Kijerumani, Friedrich Küchenmeister, mwaka 1855.

Walakini liko baya zaidi. Mwenye tegu asiponawa mikono atokapo chooni, mayai hushika vidoleni, kisha huingia katika chakula cha wengine. Ayamezaye mayai hupatwa na yale yampatayo nguruwe: vifuko huota mwilini mwake, hata katika ubongo. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote hayuko salama. Mwaka 1992 waganga waliandika habari za Wayahudi wa New York, watu wasiokula nguruwe kwa sheria ya dini yao, waliokutwa na vifuko hivyo kichwani.

Vifuko vya ubongoni huleta kifafa. Kifafa kina sababu nyingi, lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mahali penye tegu wengi, yapata watu 30 katika kila wagonjwa 100 wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Mama mmoja alinisimulia jinsi mwanawe alivyoanguka motoni. Majirani walisimama mbali, wakiliogopa povu la kinywa chake, wakidhani laambukiza. Akamtoa yeye peke yake, na mkono wa mtoto ulikuwa umekwisha kuungua. Povu lile haliambukizi mtu. Umwonapo mwenzako ameanguka, mwondoe penye moto au maji, mlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani.

Wengine husema, “Sisi tunacho choo, yatosha.” Haitoshi. Choo kisicho na mlango nguruwe huingia. Na jirani mmoja asiye na choo aweza kuwaambukiza nguruwe wa kijiji kizima. Tena wako wafungao nguruwe wakati wa kilimo tu, wasiharibu mazao, na baada ya mavuno huwaacha wajitafutie. Nguruwe mwenye njaa hachagui chakula. Yafaa akae bandani mwaka mzima, naye apewe pumba, majani na maji; kazi hiyo watoto waiweza.

Nyama nayo ikaguliwe kabla ya kuuzwa, na ipikwe mpaka isibaki nyekundu hata karibu na mfupa. Mboga ziliwazo mbichi zioshwe kwa maji safi. Aonaye vipande vyeupe katika choo chake asione haya, aende zahanati apewe dawa. Siku hizi iko hata chanjo ya nguruwe, na dawa ya kuua vifuko vilivyomo katika nyama yake.

Ninyi msomao, tazameni njia ya tegu: hana miguu wala mabawa. Hutoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe, na kurudi, kwa sababu sisi twamfungulia mlango. Choo, banda, moto wa jikoni na maji ya kunawa ni milango minne. Tukiifunga yote, hana pa kupita.