Kasha la Redio na Utunzaji wa Urithi Wetu

Wengi wetu tukitaja urithi wa taifa huwaza ngoma, vinyago, tenzi na magofu ya Kilwa. Ni nadra kumsikia mtu akitaja redio. Sababu yake yaeleweka: redio ililetwa na wageni, na makasha ya redio za zamani yalivikwa mbao za miti isiyoota kwetu. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kitu huwa urithi pia kwa kazi kilichowafanyia watu.

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam, nayo ikahudumia Tanzania Bara peke yake hadi vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kwa muda wa majuma 12 wakisikiliza mafunzo ya afya redioni na kuyajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba zao. Redio zilikuwa chache, na aliyekuwa nayo aliwafungulia majirani mlango.

Ya kwetu ni ya miaka ya 1950, nayo ingali nyumbani hapa Kinyerezi, palipokuwa mashamba kabla ya kujaa nyumba na mitambo ya umeme wa gesi. Mafundi wa redio wamekwisha kuifungua mara nyingi. Safari hii ugonjwa ulikuwa wa nje. Kasha lake ni ubao wa kawaida uliovikwa ganda la mjozi, mti wa Ulaya, nalo ganda hilo halifiki unene wa milimita moja. Unyevu wa pwani wakati wa masika huuvimbisha ubao, na joto la kiangazi huukausha tena. Miaka ikipita gundi huachia, ganda huinuka kama gome la mti mkavu, na pembe zake humeguka.

Ikazuka hoja nyumbani. Vijana wetu walitaka ganda lote libanduliwe, kasha lipakwe rangi au libandikwe karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: redio ile hupokea masafa ya kati na mafupi tu, ilhali vituo vingi vya leo husikika kwa FM. Ya nini kukigharimia chombo kisicho na la kusema? Mama yetu hakuijibu hoja ya masafa. Aligusa sehemu ya juu ya kasha, palipopauka kwa kiganja cha marehemu baba aliyekuwa akikiweka hapo kila jioni akisubiri taarifa ya habari, akawauliza wajukuu wake kama hiyo plastiki itakuja na alama ile.

Basi tukalipeleka kasha kwa seremala mmoja mzee, kando ya barabara itokayo Tabata. Alianza mahali pasipoonekana. Alilaza kitambaa kibichi juu ya ganda lililoinuka, akapitisha pasi yenye joto la wastani. Gundi ya zamani itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama hulainika kwa joto na unyevu, kisha hushika tena ikipoa. Palipokubali, alipakandamiza kwa kibao na jiwe usiku kucha. Palipokataa, aliingiza gundi mpya kwa ncha ya kisu. Msasa aliutumia kwa uchache, akifuata nyuzi za mbao, kwani ganda jembamba likilika hakuna la kulirudisha.

Pembeni, ambako ganda lilikuwa limepotea kabisa, palihitaji kiraka, na mjozi haukupatikana. Mzee akachukua kipande cha mninga, akakipiga randa hadi kikalingana na ganda, akakilaza nyuzi zikielekea upande mmoja na za mwenzake. Baada ya vanishi, kiraka huonekana kwa yeyote atazamaye kwa makini, maana mninga una wekundu wake. Angeweza kukificha kwa rangi, lakini tulimwomba akiache. Mti wa Ulaya na mti wa misitu yetu sasa wanashika kasha moja, na historia ya redio yenyewe katika nchi hii ni hiyo hiyo.

Vijana wawili wanaojifunza kwa mzee huyo walisimamisha kazi ya kitanda wakaja kutazama. Walitueleza kwamba hawajapata kuiona kazi hiyo ikifanywa, kwa sababu wateja huagiza vitu vipya. Hapo ndipo tulipotambua uzito wa jambo hili. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini ustadi wa kuunda hudumu pale tu watu wanapoendelea kuuhitaji.

Kanda za Radio Tanzania zimo katika hifadhi ya TBC, na ni wajibu wa taifa kuzitunza. Makasha yaliyotoa sauti hizo yamo majumbani mwetu, juu ya makabati na chini ya vitanda, na hakuna makumbusho yatakayoweza kuyakusanya yote. Kabla ya kulitupa lako, ndugu msomaji, lipeleke kwanza kwa seremala, na uende na kijana.