Ziwa Shakababo na Njia ya Pembe

Mtu ashukaye bonde la Tana kutoka Bura, akapita Hola na Garsen, hufika nchi tambarare ambamo mto hauna haraka tena. Hujipinda huku na huku, na pengine huiacha njia yake ya zamani na kujichimbia nyingine. Katika njia iliyoachwa maji hubaki yamefungwa. Ndivyo lilivyozaliwa Ziwa Shakababo, karibu na Ngao, pamoja na jirani yake Bilisa.

Ziwa hili ni dogo, nalo hulishwa na mto. Hungoja mafuriko ya masika, kisha ya vuli. Ndiyo yaletayo maji mapya, tope la rutuba, na samaki.

Zamani wageni hawakuijia nchi hii kwa samaki. Kama vile katika Kanada Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati mwaka 1670, ilivyofuata ngozi za wanyama kwa mitumbwi toka ziwa hata ziwa, ndivyo hapa ilivyofuatwa pembe. Wawata waliwinda ndovu kwa mishale ya sumu, na desturi iliwataka wampe Morma aliyekuwa mlinzi wao pembe moja ya kila ndovu. Wapokomo, mabingwa wa mitumbwi, waliijua kila kona ya mto. Mali ilishuka mpaka Kau, kando ya Ozi, ikapelekwa Lamu na Unguja, na mwisho ikawa bangili Bara Hindi na vibonyezo vya piano Marekani.

Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, ili mitumbwi ipate kutoka Tana na kuingia Ozi pasipo kupita baharini. Kumbe mto nao uliupenda! Tana ikaufuata mfereji, na mpaka leo humwaga maji yake Kipini. Ni ajabu kwamba majembe ya watu wachache yaliuhamisha mlango wa mto wenye urefu wa maili 600 hivi.

Biashara ya pembe imekwisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini kazi ya watu ingali inaugeuza mto. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, mafuriko si ya kutegemewa kama zamani. Mwaka mto usipofurika, Shakababo hunywea, wavuvi huburuta mitumbwi matopeni, na Waorma waletao ng'ombe wakati wa kiangazi huwanywesha pale pale nyavu zinapotupwa.