Usingizi wa Koplo na Ngurumo ya Kompyuta

Askari aliyekesha lindoni hurudi nyumbani jua linapochomoza, na usingizi wake huanza wakati ule ule ambapo majirani wanafagia nyua na watoto wanakwenda shule. Katika kambi moja ya polisi mjini Kampala aliishi koplo wa namna hiyo, yeye na mkewe na watoto watatu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja wa pazia kilikuwapo kitanda. Upande wa pili ilikuwapo meza, na juu yake kompyuta kuukuu iliyokwisha tumika katika ofisi fulani. Kwa kompyuta hiyo mama wa nyumba alichapa barua za kuomba kazi, tasnifu za wanafunzi na kadi za harusi. Karo ya mtoto wa kwanza ilitoka mezani hapo.

Kwa miezi mingi hapakuwa na neno. Kisha, kiangazi kilipoingia, mashine ilianza kunguruma. Asubuhi ulikuwa mvumo mdogo tu. Kufikia saa sita, mabati ya paa yalipokwisha kupata moto, ilivuma kama kinu cha kusagia mahindi kilicho mtaa wa pili, na ndani ya mvumo huo mlikuwamo mkwaruzo uliokuja na kwenda. Koplo alivumilia. Wiki ya pili alisinzia lindoni, bunduki mapajani, na mkuu wa zamu ndiye aliyemwamsha. Alipewa onyo. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya lile sanduku kwa muda, kisha akasema kwa upole uliotisha kuliko ukali:

"Mama watoto, mimi na mashine hii hatuwezi kulala chumba kimoja."

Mkewe hakujibu. Alijua kwamba mumewe ana haki, na alijua vilevile kwamba muhula ungeanza baada ya wiki tatu.

Wengine wangekimbilia dukani siku hiyo hiyo. Yeye alianza kwa kusikiliza, na hapo alitenda kwa busara. Alifungua ubavu wa sanduku, akaiwasha mashine, akagusa kwa ncha ya kidole kitovu cha feni moja baada ya nyingine, kwa sekunde mbili tatu tu, apate kujua ni sauti ipi inayotoweka. (Hugusika kitovu, si mabawa. Na kile kisanduku cha umeme hakifunguliwi kamwe, kwani kapasita zilizomo huweza kumpiga mtu hata baada ya plagi kung'olewa.) Akagundua kwamba kelele zilikuwa mbili, wala hazikuwa na asili moja.

Mvumo ulitoka kwa feni ya prosesa, nayo haikuwa mbovu. Vumbi jekundu lilikuwa limeziba mapengo ya mapezi ya chuma yaliyo chini yake, kama blanketi. Joto likakosa pa kutokea, na mashine ikaiamuru feni izunguke kwa kasi zaidi. Aling'oa plagi, akalitoa vumbi kwa brashi ya rangi, huku ameishikilia feni isizunguke. Nusu ya ngurumo ikaisha bila gharama. Mkwaruzo ulitoka kwa feni ya nyuma, ya milimita 80, ambayo bushi yake ilikuwa imekwisha. Tone la mafuta ya cherehani liliituliza kwa siku kumi na moja, kisha ikaanza upya.

Ndipo alipokwenda mjini kutafuta feni. Kijana wa dukani alimwonyesha kwanza zile zenye taa za rangi, halafu akamwonyesha namba ya desibeli iliyoandikwa juu ya boksi. Namba hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari, kwa maana kila mtengenezaji hupima kwa utaratibu wake na kwa umbali wake, na feni inayosemekana kunong'ona katika chumba cha kupimia huweza kupiga mluzi ikiegemezwa kwenye wavu wa bati. Lililo la kutegemewa zaidi ni ukubwa na mwendo. Feni pana ya milimita 120 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika huweza kusukuma hewa ambayo ile ndogo ya milimita 80 huisukuma kwa mizunguko 2,500 hivi. Mwendo wa feni ukipunguzwa nusu, hewa nayo hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio huhesabu desibeli 10 kuwa kama nusu ya sauti. Hali kadhalika, feni mbili zilizo sawa huongeza desibeli 3 tu juu ya kelele ya moja. Kwa hiyo feni mbili za taratibu ni afadhali kuliko moja inayokimbia.

Mama huyo alikuwa amekwisha kupima sanduku kwa rula ya mtoto. Mbele palikuwa na nafasi tupu yenye matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, nayo ndiyo nafasi ya feni ya milimita 120. Nyuma palifaa ya milimita 92. Aliuliza pia juu ya moyo wa feni. Bushi ya kawaida ni rahisi na kimya ikiwa mpya, lakini mafuta yake hukauka, hasa kwenye joto. Beringi za gololi hudumu sana, ila huwa na sauti kidogo, na sauti hiyo huongezeka kadiri zinavyozeeka. Iko aina ya tatu, bushi iliyochongwa vifereji ambamo mafuta huzunguka bila kutoka. Hiyo hugharimu zaidi, na kwa chumba cha kulala ndiyo inayostahili. Alichagua hiyo, yenye nyaya nne, kwa sababu waya wa nne hupeleka amri ya mwendo, na feni huweza kupunguza kasi wakati kazi ni ndogo. Kompyuta nyingine za ofisini zina tundu la waya lisilo la kawaida. Yake alikuwa ameichungulia kabla ya kutoka nyumbani. Feni hizo mbili zilikula malipo ya kurasa arobaini.

Kuzifunga kulichukua alasiri moja. Mishale iliyo ubavuni ilimwonyesha upepo unakokwenda, naye akaiweka ya mbele ivute ndani na ya nyuma itoe nje. Kati ya feni na bati alitia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili mtetemo usipite, na chini ya sanduku vipande vya gunia, kwa kuwa meza ya mbao huitikia mtetemo kama ngoma. Kisha katika baiosi aliweka mwendo wa chini. Saa nane mchana, paa likiwaka, alichapa na kufungua kila kitu alichoweza kufungua. Joto la prosesa likasimama kwenye nyuzi 64. Prosesa nyingi hujipunguzia kazi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo nafasi ilikuwa kubwa, akapunguza mwendo tena kidogo.

Kesho yake koplo aliingia, akanywa uji, akapita nyuma ya pazia bila kusema lolote. Baada ya muda sauti yake ikasikika:

"Leo huna kazi, mama watoto?"

"Nipo ukurasa wa kumi na nne, afande."

Kimya. Kisha akalalamika kwamba vibonye vinagonga kama mvua juu ya mabati, jambo ambalo ile ngurumo ilikuwa imelificha siku zote. Mkewe akakunja kitenge mara nne, akakitandika chini ya kibao cha herufi, na alipofika ukurasa wa kumi na tano mumewe alikuwa akikoroma.